Bachchan mwalimu: ushairi wake wa Kihindi kwa masikio yaliyozoea mizani

Dar es Salaam jina la Bachchan halihitaji utambulisho. Waliopanga foleni kwenye sinema za Avalon na Empire wanamjua Amitabh, na watoto wao waliomwona kwenye kanda za video wanamjua pia. Baba yake ndiye asiyejulikana, na wengi waliowahi kusikia maneno yake waliyasikia kwa kinywa cha mwanawe, anapoghani shairi la Agnipath ndani ya filamu ya 1990 iliyobeba jina la shairi hilo. Harivansh Rai Bachchan alikuwa mwalimu wa chuo kikuu na fundi wa beti la mistari minne. Naamini mtu aliyekulia kwenye mizani na vina anaweza kumfaidi sana, hata kama Kihindi chake ni cha nyimbo za sinema tu. Wala asidhani Wahindi wa Kisutu na Upanga wamemtangulia mbali: wengi wao nyumbani huzungumza Kigujarati au Kikachi, na Kihindi wamekiokota kwenye filamu kama sisi.

Alizaliwa Allahabad tarehe 27 Novemba 1907, katika ukoo wa Srivastava. Bachchan lilikuwa jina la utotoni, akalifanya jina la kalamu, na wanawe wakalirithi kama jina la ukoo. Mwaka 1930, vuguvugu la Gandhi la kukaidi sheria za Waingereza lilipopamba moto, aliacha masomo ya shahada ya uzamili. Alifundisha shule, akaandika, na shahada ile akaja kuimaliza 1938. Kuanzia 1941 hadi 1952 alifundisha fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Allahabad. Mchana yuko mbele ya darasa na washairi wa Uingereza, jioni yuko jukwaani na mashairi yake ya Kihindi. Mwaka 1952 alikwenda Cambridge, chuo cha St Catharine's, akaandika tasnifu juu ya mshairi wa Ireland W. B. Yeats chini ya mwalimu T. R. Henn, akarudi 1954 akiwa daktari wa falsafa. Mwaka uliofuata alihamia Delhi, Wizara ya Mambo ya Nje, kazi yake ikiwa kuiwezesha serikali kuandika mambo yake kwa Kihindi. Aliteuliwa kuingia bunge la juu 1966, akapata tuzo ya Sahitya Akademi 1968, akafariki Mumbai tarehe 18 Januari 2003 akiwa na miaka 95.

Wasifu huo unapatikana popote. Kisichopatikana kwa Kiswahili ni maelezo ya jinsi beti lake lilivyojengwa, na hapo ndipo utamu ulipo.

Tuanzie kwa mtu wetu. Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa Omar Khayyam kwa Kiswahili, yaani beti za mshairi huyo wa Uajemi, akipitia Kiingereza cha Edward FitzGerald cha 1859. Bachchan alikuwa amefanya kazi hiyohiyo miaka 17 nyuma: tafsiri yake ya Kihindi ya Khayyam, kutoka kwa FitzGerald huyohuyo, ilitoka 1935. Watu wawili waliopishana umri kwa mwaka mmoja na ushei (Shaaban Robert alizaliwa Januari 1909), mmoja kando ya mto Ganga na mwingine pwani ya Tanga, wakinywa kisima kimoja. Tofauti ni kwamba Bachchan hakuishia kwenye tafsiri. Mwaka uleule wa 1935 alitoa Madhushala, utungo wake mwenyewe wenye beti 135 kwa umbo la rubai, na huo ndio uliomfanya aitwe kwenye mikesha ya washairi, ile wanayoiita kavi sammelan, kila pembe ya India ya kaskazini.

Madhushala ni nyumba ya pombe. Kwetu neno lililo karibu zaidi ni kilabu, mahali pa benchi za mbao, siyo baa yenye taa za rangi. Vitu vinavyozunguka humo ni vinne tu: kinywaji, kikombe, mnyweshaji na nyumba yenyewe. Kwa vitu hivyo vinne anazungumzia imani, tabaka, mapenzi, kazi ya kutunga na kifo. Katika beti linalotajwa kuliko yote anasema misikiti na mahekalu huongeza uhasama, na kilabu ndicho kinachopatanisha. Katika mengine anausia mazishi yake: asitiliwe mdomoni maji ya Ganga, na wanaofuata maiti yake watakapotakiwa kutaja jina la Mungu njiani, wataje kilabu. Kulikuwa na kelele, bila shaka. Malalamiko kwamba kijana huyu anahubiri ulevi yalimfikia Gandhi kwenye mkutano wa Kihindi wa Indore, 1935. Bachchan akaitwa, akamghania beti kadhaa, na Gandhi hakuona neno. Mtungaji mwenyewe hakuwa mnywaji. Msomaji wa Pwani aliyezoea kasida na mafumbo ya masufi hatasumbuka hapa. Anajua kinywaji cha kwenye shairi si lazima kiwe cha kwenye chupa.

Sasa umbo. Rubai ina mistari minne. Wa kwanza, wa pili na wa nne hukubaliana kina. Wa tatu hutoka. Kila beti kati ya zile 135 linamalizikia na neno lilelile, madhushala. Mtu wa utenzi atatambua kitu: katika utenzi kina cha mstari wa nne hutembea toka beti la kwanza hadi la mwisho. Bachchan ametembeza neno zima. Na kwa kuwa mistari miwili ya juu ya kila beti lazima iitike -aalaa, alihitaji nafasi za kina 270. Ghala lake halikuwa kubwa hivyo: haalaa (kinywaji), pyaalaa (kikombe), maalaa (shada), jvaalaa (mwali wa moto), matvaalaa (aliyelewa) na mengine kadhaa. Haalaa na pyaalaa anazirudia bila haya. Kwa sheria za kutunga mashairi za Sheikh Amri Abedi tungemkosoa, ila ukisikiliza beti kumi mfululizo unaona kwamba kurudi kwa maneno yale ndiko kunakofanya kazi. Umati ulikuwa unajua neno la mwisho kabla halijasemwa, na ulilisema pamoja naye.

Tofauti kubwa na shairi letu la unne iko kwenye mstari wa tatu. Kwetu mara nyingi mistari mitatu ya kwanza huenda pamoja, kisha kibwagizo hutoka na kina chake. Sikio linakaa raha mistari mitatu, mwishoni linapelekwa kwingine. Kwenye rubai sikio linanyang'anywa kina kwenye wa tatu na kurudishiwa kwenye wa nne. Mstari wa tatu ndio unaobeba mzigo: humo ndimo Bachchan anapoweka pingamizi, swali au jambo lisilotegemewa, ili wa nne ujibu. Mtafsiri anayeutendea mstari huo kama ndugu wa ile mingine ameshaua beti, hata kama kila neno amelipata sawasawa.

Tukija kwenye kipimo, Kihindi hakihesabu silabi. Kinahesabu matra, yaani uzito wa silabi. Vitabu vyao vinaeleza kwa herufi za Devanagari, lakini kwa sikio la Mswahili kanuni inakuwa fupi. Silabi fupi iliyo wazi ni 1. Silabi ndefu iliyo wazi ni 2. Silabi fupi iliyofungwa kwa konsonanti nayo ni 2. Silabi ndefu iliyofungwa ni 3. Irabu e na o daima ni ndefu. Mkusanyiko wa konsonanti mwanzoni mwa neno hauongezi kitu.

Huu hapa mstari wa nne wa beti la kwanza la Madhushala, nikiandika irabu ndefu kwa kuzirudia:

sab-se pah-le te-raa swaa-gat / kar-tii me-rii ma-dhu-shaa-laa

Kipande cha kwanza: sab 2, se 2, pah 2, le 2, te 2, raa 2, swaa 2, gat 2. Jumla 16. Cha pili: kar 2, tii 2, me 2, rii 2, ma 1, dhu 1, shaa 2, laa 2. Jumla 14. Mstari mzima una matra 30, na pumzi inachukuliwa baada ya 16. Pima mistari mingine mitatu ya beti hilo, yote inatoka 16 na 14 bila upungufu. Sasa uhesabu kwa mizani yetu: silabi 16, kama mstari wa Amri Abedi! Usifurahi mapema. Mstari wa tatu wa beti hilohilo una silabi 15, kwa sababu ndani yake kuna silabi mbili zenye matra 3 kila moja: bhog, na saad ya neno prasaad. Mizani imepungua moja, matra bado ni 30, na sikio la Kihindi haliwezi kusikia kasoro kwa kuwa haipo.

Wanaojaribu kupima kwa mara ya kwanza hukwama mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye neno kama aaj, ambalo wanalipa 2 kwa sababu wanasikia silabi moja ndefu. Ni 3. Ukilikosea, mstari unapwaya kwa moja na unaanza kumlaumu mshairi. Pa pili ni maandishi. Mashairi mengi ya Kihindi tunayoyapata kwenye simu yameandikwa kwa herufi za Kirumi, na humo a fupi na a ndefu zinaandikwa sawa. Huwezi kupima matra kwa maandishi hayo. Tafuta mtu au rekodi ya kukusomea, au jifunze Devanagari. Herufi zenyewe zinaonyesha urefu wa irabu, na mtu mwenye bidii huzizoea ndani ya wiki chache.

Kiswahili hakina silabi nzito na nyepesi za namna hiyo. Lakini angalia neno taabu: tunalihesabu mizani mitatu, ta-a-bu, ambapo Mhindi angeona taa kama silabi moja yenye 2 na bu kama 1. Jumla ni ileile. Kwenye irabu zilizorudiwa, basi, mizani yetu na matra yao zinaongea lugha moja. Zinakoachana ni kwenye silabi zilizofungwa, ambazo maneno yetu ya asili hayana.

Jaribu kuufasiri mstari ule. Maana yake ni kwamba kabla ya watu wote, kilabu changu kinakukaribisha wewe. Kitenzi kinakukaribisha peke yake kina mizani saba, karibu kipande kizima. Hilo ndilo linalowakwamisha wengi wanaotafsiri ushairi kuingia Kiswahili: viambishi vya kitenzi vinakula nafasi, na mtu anaanza kukatakata maneno yasiyokatika. Njia ya kutokea ni kubadili kitenzi chenyewe. Kulaki inabeba maana ya kumpokea mgeni na ni fupi:

Kabula ya watu wote, kinakulaki kilabu.

Nane kwa nane. Kabula ni mazida, yaani neno lililorefushwa, na inaruhusiwa kama haikuzidi. Kilichopotea ni "changu", na si hasara ndogo, maana mshairi anasema merii, kilabu changu mimi, yaani ushairi wangu. Ningekuwa nafasiri utungo mzima ningelirudisha neno hilo kwenye mstari wa pili, siyo kulibana hapa.

Kuhusu kina, acha kabisa kishawishi cha -ni. Ukimalizia beti na kilabuni, kila mahali duniani pataitika: nyumbani, moyoni, njiani, mjini. Kina kinachopatikana bure hakimtii msikilizaji hamu yoyote. Kilabu, kwa bahati njema, kinaangukia kwenye moja ya ghala tajiri za Kiswahili: kitabu, hesabu, sababu, taabu, dhahabu, adhabu, thawabu, ghadhabu, adabu, ajabu, jawabu, hata babu. Ni ghala kubwa kuliko lile la Bachchan, na maneno yake yana uzito: adhabu na thawabu ndani ya shairi la kilabu zinajileta zenyewe.

Kuna mtego mmoja zaidi. Sisi tunadai vina vya kati, rubai haidai. Mtu aliyezoea shairi anaweza kuanza hivi:

Tajiri mwenye dhahabu, mchukuzi wa taabu,
Mwalimu mwenye kitabu, karani wa mahesabu,

Mizani iko sawa, na beti limeshachoka. Kina cha -abu kimelia mara nne kabla hatujafika mstari wa tatu, kwa hiyo kikirudi kwenye wa nne hakuna aliyekingoja. Ondoa vina vya kati:

Mwenye gari la fahari, mchukuzi wa taabu,
Mwalimu na mwanafunzi, karani wa mahesabu,
Nje wamejenga kuta, kila mtu na mlango,
Hukaa benchi la mbao, wote ndani ya kilabu.

Beti hili ni la kufundishia tu, halimfasiri Bachchan. Lighani kwa sauti, upumzike kidogo baada ya mlango, na utasikia rubai inavyofanya kazi kwa Kiswahili bila kukisaliti Kiswahili. Atakayesema hili si shairi kwa sababu halina vina vya kati ana haki yake. Namwomba tu alighani kwanza.

Bachchan hakuwa mtu wa rubai peke yake, na mimi binafsi kazi yake ninayoipenda zaidi si Madhushala. Mke wake wa kwanza, Shyama, alifariki 1936 kwa kifua kikuu. Miaka miwili baadaye ilitoka Nisha Nimantran, nyimbo 100 za usiku, kila mmoja mistari 13. Hesabu hiyo ina mpango. Mstari wa kwanza ni kiitikio, unasimama peke yake. Yanafuata mabeti matatu, kila moja mistari mitatu na kiitikio kikirudi mwishoni kama mstari wa nne. Moja jumlisha tatu mara nne, ni 13. Katika wimbo ulio maarufu kuliko yote, kiitikio kinasema siku inazama upesi upesi (din jal-dii jal-dii dhal-taa hai, matra 16). Beti la kwanza lina msafiri anayekaza mwendo giza lisimkute njiani. La pili lina makinda yanayochungulia kutoka kwenye kiota, na mama yao anapata nguvu ya mbawa kwa kuyakumbuka. La tatu lina msemaji anayejiuliza nani yuko nyumbani anayemngoja, na swali hilo linalegeza miguu yake. Kiitikio hakijabadilika hata herufi, ila kwenye beti la kwanza kilimhimiza mtu na kwenye la tatu kinamwacha peke yake barabarani.

Walimu wa kidato cha tatu na nne wanaofundisha kibwagizo wangefanya vizuri kuuchukua mfano huu. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba kibwagizo ni mstari unaorudiwa, basi. Hawaambiwi kwamba kibwagizo kizuri hubadilika maana kila kinaporudi, wakati maneno yamebaki yaleyale.

Lugha yake ilikuwa nyepesi kwa makusudi. Washairi wakubwa waliomtangulia kidogo waliandika Kihindi kilichojaa Kisanskriti, kizuri na kigumu. Bachchan alichukua Kihindi cha kusemwa, akachanganya bila hofu maneno yenye asili ya Kiajemi na Kiarabu, na ndiyo maana umati ulimhifadhi kichwani. Wapo wahakiki waliomwona mwepesi mno. Sikubaliani nao, na nadhani mtu yeyote aliyewahi kukaa na mabeti ya Shaaban Robert anajua ugumu wa kuandika mstari ambao mvuvi anaukariri na profesa hauchoki.

Ualimu wake ulijitokeza pia kwenye tafsiri. Alifasiri Macbeth na Othello kwa Kihindi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Gita akaitia kwenye Kiawadhi, lugha ya watu wa kawaida wa kwao. Kwetu Mwalimu Nyerere alitoa Juliasi Kaizari ya Kiswahili 1963 na Mabepari wa Venisi 1969. Walimu wawili wa shule, nchi mbili zilizotoka chini ya Mwingereza mmoja, na wote waliona kwamba lugha ya nyumbani huthibitika inapobeba mzigo mzito wa mwenzake. Siku moja mtu wa Mlimani angeziweka tafsiri hizo meza moja na kuzipima mstari kwa mstari.

Kwa anayetaka kuanza: usianze na kitabu. Anza na sauti. Zipo rekodi za Bachchan mwenyewe akighani Madhushala, na ile ya mwimbaji Manna Dey. Mwenyewe anaghani kwa wastani, pumzi inaonekana pale kwenye matra ya 16. Manna Dey anavuta na kupamba, kwa hiyo kwa kujifunzia kipimo si msaada. Sikiliza beti tano, uandike silabi kwa vidole kama ulivyofundishwa kuhesabu mizani, kisha urudie kwa matra. Ukishalisikia beti la kwanza likitoka 30 mara nne, nenda kwenye Nisha Nimantran. Tawasifu yake ya juzuu nne, iliyotoka kati ya 1969 na 1985 na kumpatia tuzo ya kwanza kabisa ya Saraswati Samman mwaka 1991, iache hadi mwisho. Imefasiriwa kwa Kiingereza kwa namna ya muhtasari wa juzuu zote, kwa hiyo ukiisoma kwa Kiingereza ujue umepewa sehemu tu ya anachosema kuhusu darasa na Cambridge.